Mwaka Niliochezwa Mapema

Mgongo wangu uligunduliwa na goti la mama mkubwa, dada yake mama. Yeye ndiye aliyekuwa akinisuka nywele tangu nikiwa mdogo. Nilikaa chini kwenye mkeka, mgongo wangu kati ya miguu yake, kwa hiyo magoti yake yaliujua mgongo huo kuliko macho ya mtu yeyote nyumbani kwetu. Siku hiyo mfupa wa bega langu ulimchoma goti la kulia. Akaniambia nikae vizuri. Nikakaa vizuri. Akaniambia tena, safari hii pamoja na kitana kichwani. Nikamwambia nimekaa vizuri jinsi ninavyoweza. Akaziacha nywele zikiwa zimesukwa nusu, akanivua blauzi, akanigeuza kwenye mwanga wa mlango, akanyamaza. Mama mkubwa si mtu wa kunyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwa jinsi alivyonieleza baadaye, bega moja lilikuwa limepanda, mbavu za upande huo zimejitokeza, na uti wa mgongo ulikuwa umekwenda pembeni kisha ukajirudi. Mama alisema ni bidoni za maji ninazobeba kichwani. Jirani alisema ni kulala kwenye kochi. Nilipakwa mawese na kukandwa na bibi mmoja mwenye vidole vya chuma, nikaombewa na kikundi cha akina mama wa kanisa, nikakatazwa kubeba kitu kichwani. Kukatazwa huko nilikupenda. Mengine yote yalikuwa ya kupoteza muda, ingawa wakati ule hatukujua kwamba muda ndio uliokuwa ukitafutwa.

Aliyesema twende hospitali ni baba. Baba ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, alishuka Lubumbashi akiwa kijana na malori ya bidhaa, akabaki. Anauza kwa jumla mtaani Ruashi: sabuni, chumvi, biskuti, mafuta, kila kitu kinachoisha nyumbani kwa watu. Ni mtu wa kanisa, maneno machache, na mkono wake daima uko kwenye katoni fulani. Mama ni wa Kasomeno, kwenye barabara ya kwenda Kasenga, na watu wa mama wana desturi zao ambazo baba aliziita mambo ya giza. Alikataza neno kisungu litajwe mezani kwake. Basi likatajwa jikoni.

Kisungu ni mafunzo ya mwali. Msichana akiona damu ya kwanza, hamwambii mama yake mzazi. Humwambia bibi, au dada ya mama, na hao humfungia ndani, humfundisha, humwimbia, humcheza, kisha humtoa nje akiwa amepakwa udongo mweupe ili watu wajue kwamba utoto umekwisha. Tangu hapo mama na binti hawazungumzii mambo hayo. Ni heshima. Nimeambiwa mara nyingi kwamba ni heshima, na siku hizi nikisikia neno hilo mgongo huniuma kabla ya masikio.

Mimi nilichezwa katika likizo ndefu ya kiangazi, zaidi ya mwaka mmoja kabla goti la mama mkubwa halijagundua kitu. Baba alijua kwamba nimekwenda Kasomeno kumsalimia bibi. Mabinti wawili wa mjomba walikuwa wamekomaa, na bibi, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, alitaka kuwacheza wajukuu wake kwa mkono wake mwenyewe kabla hajapofuka kabisa. Pombe ilikuwa imekwisha pikwa. Walimu wa ngoma walikuwa wamekwisha alikwa. Barabara ile si ya kusafiri mara mbili, na shule haingoji damu ya mtu. Bibi akaniangalia, akanishika kidevu, akasema na mimi niingie. Siku ikija, alisema, itamkuta anajua. Hivyo nikaingia ndani na binamu zangu wakati mwili wangu haujaonyesha chochote. Kwao halikuwa jambo kubwa. Watoto wengi wa mjini huchezwa mapema kwa sababu ya kalenda ya shule.

Mama mkubwa alichelewa. Lori alilopanda liliharibika njiani, akafika asubuhi ya kututoa. Alikuta mabinti watatu wamekaa kwenye mkeka mmoja, weupe kwa udongo, macho chini. Alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Hakuna aliyemwambia kwamba mmoja kati ya wale watatu alikuwa ameongezwa tu. Kwa nini wamwambie? Ngoma ilikuwa moja.

Tulikwenda hospitali watatu: baba, mama mkubwa na mimi. Mama alibaki dukani. Kwanza nilipigwa picha ya mifupa, ile tunayoita radio. Fundi wa mashine alikuwa mtu mwema. Aliponiona ni msichana, alinifunga aproni nzito ya madini ya risasi kiunoni ili mionzi isiguse uzazi wangu, na mama mkubwa akamshukuru kana kwamba nimekwisha kumzalia mjukuu. Kisha tukaingia kwa daktari, kijana safi, mwenye adabu, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Aliniinamisha mbele mikono ikining'inia, akatazama mgongo wangu kutoka nyuma kama mtu anayekagua ukuta. Akachukua penseli na kipimapembe, kile cha darasani, akachora mistari miwili juu ya picha yangu. Akasema mpindo si mdogo, lakini bado si mbaya.

Yaliyofuata niliyaelewa baada ya miaka, kwa hiyo nayaeleza jinsi ninavyoyajua sasa. Ukubwa wa mpindo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni urefu uliobaki mwilini. Mgongo uliopinda huzidi kupinda mtoto anaporefuka, na hukimbia zaidi ule mwaka anaporefuka haraka. Mifupa ikifunga, mipindo mingi hutulia. Kwa hiyo mtoto mwenye mpindo kama wangu, kama bado ana safari ndefu ya kukua, huvishwa korse, vazi gumu la plastiki linalobana kiwiliwili, mara moja, mchana na usiku, kuuzuia mgongo usikimbie. Kama amekaribia kumaliza kukua, huachwa na kuangaliwa tu. Daktari hana budi kujua umri wa mifupa, na umri wa mifupa haulingani daima na miaka tangu mtu azaliwe. Hutazama mkono, ambako kati ya vipande vya mifupa ya mtoto kuna mistari myeusi ambayo hufutika anapokomaa. Hutazama ukingo wa nyonga, ambako kipande chembamba cha mfupa huota kutoka upande wa nje kikitambaa kuelekea ndani. Na kwa msichana huuliza damu ilianza lini.

Nyonga yangu haikuonekana. Pale ilipopaswa kuwa palikuwa na doa kubwa jeupe, aproni ya yule fundi mwema. Daktari alitoa pumzi, akasema tungeweza kurudia picha au kupiga picha ya mkono, lakini kwanza atauliza. Akauliza kwa Kifaransa, polepole, akinitazama mimi.

Kabla sijafungua mdomo mama mkubwa alimgeukia baba. "Shemeji, utoke kidogo. Iko mambo ya banamuke."

Baba alisimama. Alichukua kofia yake magotini, akatoka, akafunga mlango taratibu. Hakuuliza kitu, kwa sababu ndivyo mwanamume mwenye adabu anavyofanya.

"Huyu alisha kukomala, dokta," mama mkubwa akasema. "Balimucheza ku Kasomeno. Sasa inaenda ku miaka mbili."

Daktari alikuwa mtu wa huku, alijua kuchezwa ni nini. Aliniuliza kama ni kweli. Nikainamisha macho. Kasomeno nilikuwa nimefundishwa hivyo, kwamba mkubwa akisema mambo ya mwili wako mbele ya mwanamume, wewe unainamisha macho na kumwachia yeye neno. Pia sikujua swali lile lilihusu nini. Niliumwa mgongo, na mtu ananiuliza habari za chini ya kitenge. Nani angeunganisha mambo hayo mawili? Anayetaka kumlaumu yule msichana niliyekuwa na amlaumu bila mimi. Nimemwangalia sana kwa miaka hii na sijaona alipokosea.

Daktari alifurahi kwa ajili yetu. Aliona hakuna haja ya picha nyingine. Alimwita baba, akamwambia kwamba mtoto amekaribia kumaliza kukua, mpindo hautakimbia, korse haihitajiki, turudi baada ya mwaka. Baba hakuuliza amejuaje. Alimshika mkono kwa mikono miwili. Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na mama akapika kuku na bukari, ugali wetu, kwa watu wote wa parsele, kiwanja tunachoishi pamoja.

Kisha nikaanza kurefuka.

Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Sketi ya shule ikapanda juu ya magoti, ikafunguliwa pindo, ikapanda tena. Viatu vikanibana. Mama alicheka akasema nimerithi miguu ya watu wa Kivu. Nilikuwa nikila kama mfanyakazi wa mgodini. Mvua zilipokuwa kali, zile za mwezi wa pili zinazogeuza barabara za Ruashi kuwa matope mekundu, damu ikaja. Bibi alisema kweli: ilinikuta najua. Nilijua nijifungeje, nifueje, nianike wapi, ninyamaze vipi, na pakiti ya pamba nilikuwa nimeiona zamani dukani kwa baba. Sikumwambia mtu, kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia. Wimbo wangu ulikuwa umekwisha imbwa. Mama alidhani mambo hayo yapo mikononi mwa dada yake, na dada yake alidhani yamekwisha zamani. Wakati huohuo, chini ya blauzi, mgongo wangu ulikuwa ukikimbia, na watu wote walionipenda walikuwa wametulia kwa sababu mtu mwenye koti jeupe amewaambia watulie.

Tulirudi mwaka ulipopita. Nilikuwa nimeacha kwaya kwa sababu pumzi haikunifikisha mwisho wa mstari. Safari hii tulimkuta daktari mwingine, mwanamke wa makamo anayekuja Lubumbashi mara kwa mara kwa ajili ya mifupa ya watoto. Mama alikuwepo, na mama mkubwa. Baba alibaki kwenye benchi la nje bila kuambiwa. Alikuwa amekwisha jifunza.

Huyu mama daktari alitundika picha mpya kando ya ile ya zamani. Hata mimi, ambaye sikusoma udaktari, niliona. Ya kwanza ilikuwa barabara yenye kona. Ya pili ilikuwa mto. Aliagiza picha ya mkono wangu wa kushoto, akailaza kwenye sanduku la taa, akafungua kitabu kikubwa chenye picha za mikono ya watoto, akalinganisha mkono wangu na mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetafuta kitambaa cha kufanana. Akarudi nyuma ukurasa. Akarudi tena. Kisha akawaomba wanawake wote wawili watoke, akanisogezea kiti, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza nimekula nini, mara ya kwanza ilikuwa lini. Nikamwambia. Mvua za mwaka huu. Alifunga macho kidogo.

Akawaita. Mama mkubwa alirudia maneno yaleyale ya mwaka uliopita, kwamba nimekomaa zamani, akataja Kasomeno, akataja bibi.

"Nani aliona damu?" daktari akauliza.

"Balimucheza, mama. Mi mwenyewe nilikuwa pale."

"Siulizi kama balimucheza. Nauliza nani aliona."

Mama mkubwa alimtazama mama. Mama alimtazama mama mkubwa. Niliwaona wakitafutana usoni, kila mmoja akingoja mwenzake aseme: mimi ndiye niliyeona. Kisha mama mkubwa akakaa sakafuni, ingawa viti vilikuwepo. Daktari hakumkaripia, na nadhani ingekuwa heri angemkaripia. Alieleza tu, polepole, kwamba siku ya picha ya kwanza nilikuwa bado mtoto mwenye urefu wote mbele yake, kwamba ule ndio uliokuwa wakati wa korse, na kwamba sasa mpindo umepita pale ambapo korse ingeweza kusaidia sana.

Nilitaka mtu wa kumkasirikia. Bibi alikuwa amekwisha fariki. Yule daktari kijana alikuwa amehamia mji mwingine. Fundi wa mashine alinilinda uzazi. Mama mkubwa alilia wiki nzima mpaka nikalazimika mimi, mwenye mgongo, kumbembeleza yeye. Jambo moja tu aliomba: baba asiambiwe habari za kisungu, maana ataona tulimdanganya na nyumba itavunjika. Mama akakubali. Mimi sikuulizwa. Baba aliambiwa kwamba ugonjwa umegeuka, mambo ya Mungu.

Nilivaa korse hata hivyo, kwa sababu mama daktari alisema tushikilie kilichobaki. Mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa juu ya bati, niliivaa darasani chini ya shati jeupe, na ngozi ya kiunoni ilichubuka ikawa nyeusi. Nilikula bukari kwa matonge madogo kwa sababu tumbo halikuwa na mahali pa kwenda. Wavulana waligonga mgongo wangu kwa vidole wakiuliza nani yuko ndani. Niliwajibu kwamba ni mama zao, nikapelekwa kwa mkuu wa shule, sikujuta. Upasuaji wa mgongo kama huu haufanyiki hapa kwetu. Baba aliuliza wa Zambia, aliuliza wa India, aliuliza kila dereva na kila mchungaji, na jambo hilo lilifia kwenye kuuliza. Mpindo uliendelea kujongea, kidogo kidogo, chini ya plastiki.

Picha ya mwisho ya mkono ilipigwa nilipokuwa karibu kumaliza sekondari. Mama daktari aliniita niione mwenyewe. Mistari myeusi ilikuwa imefutika yote, mifupa imeungana, myeupe mpaka kwenye ncha. Akasema imekwisha. Mpindo mkubwa kama wangu waweza kuongezeka kidogo uzeeni, lakini ile mbio imekwisha, na korse naweza kuivua. Mama alianza kuimba pale pale koridoni, mikono juu. Mama mkubwa alipiga magoti. Nami nililia, wakadhani ni furaha. Nilikuwa nimeelewa kwamba tangu siku hiyo mwili huu ndio wangu. Bega hili, mbavu hizi, pumzi hii nusu. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikingoja kitu bila kujua ninangoja nini.

Wao wawili walikwenda kanisani kushukuru. Baba akanichukua kwenye gari lake la mizigo, tukaelekea Ruashi. Hakuwa na haraka. Karibu na soko alisimamisha gari kando, akazima injini, mikono bado kwenye usukani.

"Ile siku ya kwanza," akasema, "mulinitoa inje. Munganga alikuuliza nini?"

Hakuna msichana wa upande wa mama aliyewahi kumwambia baba yake jambo hilo, na sidhani wa upande wake wamewahi. Nilimwambia yote. Kasomeno, udongo mweupe, binamu zangu, macho chini, damu ya mwezi wa pili. Nilimweleza swali lile lilikuwa la nini, na jibu lilizuia nini. Nilikuwa tayari kwa hasira ya kisungu. Nilikuwa hata nikiitamani, kwa sababu angalau mtu mmoja angepaza sauti.

Hakupaza. Alifuta ukungu kwenye kioo cha mbele kwa kiganja. Kisha akaniuliza kama nilijua nani aliweka pakiti ya pamba za wanawake kwenye rafu ya chini ya depo, ghala la duka, nyuma ya katoni za sabuni, mahali ambapo ningeweza kuchukua bila kumwomba mtu. Nilisema ni mama. Siku zote nilidhani ni mama.

Akatikisa kichwa. Mama yake, aliniambia, alifariki akimwacha yeye na dada zake wadogo, na aliwaona wakihangaika na vitambaa kwa sababu nyumbani hapakuwa na mwanamke wa kumuuliza. Akaapa kwamba binti yake hatahangaika hivyo. Aliiweka nilipotimiza miaka kumi na miwili. Kila alipopanga depo aliitazama, ili ikiisha aweke nyingine.

"Ilifunguliwa mwezi wa pili, ile mvua kubwa," akasema. "Siku tulienda ku lopitali ilikuwa ingali imefungwa. Nilikuwa najua. Hakuna mutu aliniuliza."

Aliwasha gari, tukaenda kufungua duka.